Kijiji cha Wadesmill, Uingereza: barabara moja, geti la ushuru la 1663 na jiwe la mtu aliyeshuka farasini

Mtoa mada

Wakuu, salaam.

Nina mwaka wa nne huku Hertfordshire, kaskazini kidogo ya London. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao, kwa hiyo vijiji vya huku navijua kuliko mjini. Wiki tatu zilizopita nilimaliza zamu kijiji kinaitwa High Cross, nikafika kituoni nikalikuta basi linaishilia kwenye kona. Lingine mpaka saa nzima ipite. Nikasema potelea mbali, Ware ni kilomita sita hivi, nateremka zangu kwa mguu.

Kabla hujaingia kijiji kinachofuata, Wadesmill, kwenye mteremko, pembeni ya barabara kuna mnara mdogo wa jiwe uliochongoka juu. Ukiwa ndani ya gari unaupita tu. Nikausogelea. Maandishi yake, kwa Kiswahili changu mwenyewe, yanasema: mahali uliposimama mnara huu, mwezi Juni 1785, Thomas Clarkson aliazimia kuyatoa maisha yake ili biashara ya watumwa ikomeshwe.

Mimi ni mtoto wa Bagamoyo. Nilikaa kwenye nyasi, begi la kazi mgongoni, basi likaja likapita na wala sikulipungia mkono.

Tangu siku hiyo nachimba habari za kijiji hiki, na nimegundua kumbe jiwe lile limekuja mwishoni mwishoni. Barabara ndiyo habari yenyewe. Wadesmill ni barabara iliyovuka mto, watu wakajenga huku na huku. Imekaa hata kwenye parokia mbili (eneo la kanisa moja, ambalo pia lilikuwa serikali ndogo ya vijiji), Thundridge na Standon, kama vile hakuna aliyepanga iwe kijiji. Naanza na barabara, Clarkson nitamfikia. Mwenye haraka apite, uzi utakuwa mrefu.

Suka wa Tunduma

Mkuu ukisema barabara umenigusa penyewe. Nimepaki Igawa hapa nasubiri utingo alete chai. Shusha.

Mtoa mada

Poa suka.

Aliyeianza ni Mrumi. Jeshi la Roma liliivamia Uingereza mwaka 43, na moja ya barabara kubwa walizochora ni hii inayoitwa Ermine Street, kutoka London kwenda Lincoln mpaka York. Ukiitazama kwenye ramani, kaskazini ya Ware imenyooka kama uzi wa fundi mwashi. Inashuka bondeni, inavuka mto Rib, inapanda High Cross, inaendelea mpaka Puckeridge ambako palikuwa na mji wa Kirumi. Mto Rib wenyewe msiufikirie kama Ruvu, ni kijito ambacho ng'ombe anavuka bila kulowa tumbo. Lakini ulitosha kuzungusha kinu cha kusaga nafaka, na hicho kinu (kwa Kiingereza "mill") ndicho kimo ndani ya jina la kijiji.

Mrumi aliondoka, barabara ikabaki bila mwenyewe. Na hapo ndipo tatizo lilipoanza, tatizo la miaka elfu na zaidi: nani aitengeneze?

Mwaka 1285 mfalme Edward I alitoa sheria kwamba kwenye barabara kuu zinazounganisha miji ya masoko, vichaka vifyekwe futi 200 kila upande. Nia yake ilikuwa majambazi wakose pa kujificha, matope hayakumhusu. Mwaka 1555 ikaja sheria nyingine, hii sasa inahusu matope. Kila parokia itengeneze barabara zinazopita ndani ya mipaka yake. Kila mwenye nyumba, siku nne kwa mwaka, aje na chepe lake. Mwenye shamba na wanyama wa kukokota alete mkokoteni na watu wawili. Malipo hakuna. Miaka michache baadaye siku nne zikawa sita. Na kila mwaka parokia ilichagua mwenzao mmoja awe msimamizi, naye halipwi, na akizembea anapigwa faini.

Fikiria sasa wewe ni mkulima wa Thundridge au Standon. Bahati mbaya yako ni kwamba barabara kuu ya London kwenda York na Scotland imepita kwenye kipande chako.

Mwalimu Mstaafu

Ndugu mtoa mada, hapo kwenye siku sita nimecheka peke yangu. Wazee wetu enzi za Mwingereza Tanganyika, aliyeshindwa kodi ya kichwa alipelekwa kulima barabara mpaka deni liishe. Baba yangu alikuwa akitaja barabara fulani huko kwetu kwa idadi ya watu waliougulia pale. Nilikuwa nafikiri wameibuni kwa ajili yetu. Kumbe walishafanyiana wenyewe kwa wenyewe tangu 1555.

Mtoa mada

Mwalimu, tofauti ipo. Huku msimamizi alikuwa jirani yako, mnakunywa naye pombe jioni. Wengi walikwenda kama wanaokwenda picnic, wakimwaga kokoto mbili tatu na kupiga soga. Wasafiri walikuwa wanawatania kwamba kazi yao ni kuombaomba wapita njia. Lakini msingi ni ule ule: jasho la bure. Huku ilifutwa mwaka 1835, wakaanza kukusanya kodi na kulipa vibarua.

Sasa kitu kilichoanza kuutikisa mfumo wa jasho la bure hapa Wadesmill ni bia.

Mkenya wa Nakuru

Bia tena? Ongea vizuri buda.

Mtoa mada

Bia haswa. Ware ulikuwa mji wa kimea. Shayiri inalowekwa, inatandazwa sakafuni mpaka ichipue, halafu inakaushwa kwenye tanuri. Mabibi zetu wanafanya hivyo hivyo kwa ulezi na mtama, ila pale Ware ilikuwa ni majengo kwa majengo. Kimea kikishakuwa tayari kinapakiwa kwenye mashua, kinateremka mto Lea mpaka London, ambako watu hawakuwa na kiu ya maji.

Shayiri yenyewe inatoka wapi? Kaskazini. Cambridgeshire na huko kwingine. Na njia ya kufika Ware ni moja, kupitia Puckeridge, High Cross, Wadesmill. Magari ya kukokotwa yamejaa magunia, magurudumu membamba ya mbao yaliyovishwa chuma, wiki nzima, na udongo wa vilima vya huku ni mfinyanzi. Kiangazi unapasuka, masika unakuwa ugali. Gari moja likipita linaacha mfereji, la pili linafuata mfereji ule ule, la kumi linazama mpaka ekseli.

Februari 1660 alipita hapa Samuel Pepys, yule karani wa London maarufu kwa shajara yake. Akasimama Puckeridge kula, nyama ya kondoo ya kukaanga, wakafurahi sana anasema, lakini njia kutoka Ware kufika pale ilikuwa mbaya kupita kiasi. Hayo ni maneno ya mtu mwenye farasi. Mwenye mzigo je?

Kwa hiyo wanavijiji wanakwangua barabara siku sita kila mwaka, bure, na wanaoiharibu ni wafanyabiashara wa shayiri wa wilaya nyingine wanaopeleka faida London. Kelele zikafika bungeni. Na mwaka 1663 Bunge la Charles II likapitisha sheria ambayo haikuwahi kuwepo Uingereza: anayeitumia barabara ndiye alipe. Utangulizi wa sheria yenyewe unataja wazi shehena nyingi zinazokwenda Ware kila wiki na biashara ya shayiri na kimea, kwamba ndizo zimeifanya barabara iwe karibu haipitiki.

Geti la kwanza likawekwa hapo Wadesmill.

Bei zilikuwa hivi. Farasi mmoja, peni 1. Gari la abiria, peni 6. Mkokoteni, peni 8. Gari kubwa la mizigo, shilingi 1, yaani peni 12. Kondoo ishirini, nusu peni. Nguruwe ishirini, peni 2. Ng'ombe ishirini, peni 5. Ukiangalia utaona kondoo hana kosa, anatembea kwa kwato zake nyepesi. Aliyekusudiwa ni gari la shayiri.

Suka wa Tunduma

Duh. Kwa hiyo mizani ya Vigwaza ina babu yake huko?

Mtoa mada

Tena babu wa damu. Mwaka 1741 mageti yaliruhusiwa kuweka mashine za kupimia uzito. Unaingiza gari zima, linaninginizwa kwa minyororo, likizidi tani tatu unatozwa faini. Na mwaka 1753 wakaja na sheria ya magurudumu: gari zito liwe na tairi pana inchi 9, ili badala ya kuchimba barabara liishindilie kama roli la kandarasi. Mwenye magurudumu mapana alipata nafuu ya ushuru. Wenye magari wakafanya ujanja: tairi pana kweli, lakini wameliumba kwa mbinuko, linalogusa chini ni ukanda mdogo wa katikati.

Suka wa Tunduma

HAHAHA. Hao ni ndugu zangu kabisa. Na geti lenyewe halikukwepwa?

Mtoa mada

Suka, nilijua utauliza hilo.

Sheria ya 1663 iliruhusu mageti matatu. Wadesmill kwa Hertfordshire, Caxton kwa Cambridgeshire, Stilton kwa Huntingdonshire. La Stilton wenyeji walilikataa, halikujengwa. La Caxton lilijengwa lakini pale ni tambarare, watu wakawa wanakata kupitia pembeni, njia za panya, geti limesimama linatazamana na upepo. Likafanya kazi moja tu, la Wadesmill.

Kwa nini la Wadesmill? Hakuna kitabu kilichoniambia, haya ni maoni yangu baada ya kutembea pale. Bonde. Kuna mto, kuna daraja, kuna vilima pande zote mbili. Mtu mwenye tani mbili za shayiri hawezi kukata kushoto akaingia kwenye matope ya mto. Anapita pale pale alipopita Mrumi. Aliyechagua mahali pa kuweka geti alikuwa ameshawahi kusukuma gari lililonasa.

Baada ya hapo miaka zaidi ya thelathini hakuna geti jingine lililoidhinishwa. Kisha zikafumuka. Kufikia miaka ya 1830 kulikuwa na mamlaka za mageti kama elfu moja, zikisimamia maili zaidi ya 20,000 za barabara nchi nzima. Zote hizo mama yao ni kale kageti ka kijiji chenye nyumba za kuhesabu.

Mchangiaji wa Ubungo

Sasa mtoa mada naomba nikupinge kidogo. Hiyo "anayetumia alipe" inasikika tamu lakini anayelipa mwisho wa siku ni mlaji. Mwenye gari la shayiri anaongeza bei ya kimea, mwenye kimea anaongeza bei ya bia. Sisi tunalipia kwenye kila lita ya mafuta, inaingia Mfuko wa Barabara, halafu ukienda Kigamboni unalipia tena darajani. Afadhali yule wa siku sita alijua kabisa ameibiwa nini.

Mtoa mada

Hoja yako ina uzito na hata Waingereza wenyewe waliipigania kwa mashoka. Sehemu nyingi mageti yalichomwa moto. Wales miaka ya 1839 mpaka 1843 wanaume walikuwa wanavaa magauni ya kike usiku, wanajipaka masizi, wanakwenda kuvunja mageti. Waliita ghasia za Rebecca. Wakulima wadogo waliokuwa wanakwenda kuchota chokaa ya shambani walijikuta wanalipa geti baada ya geti.

Ila mimi nakaa upande wa mkulima wa Thundridge. Mlaji wa bia wa London kulipa robo peni zaidi, na yeye mkulima kupumzika kidogo na chepe lake, naona ni haki. Tutofautiane tu kwa amani.

Mkenya wa Nakuru

Hapo kwa barabara nimekumbuka kitu. Sisi huku mtu akimaliza chuo hana job anasema "natarmac". Anazunguka na bahasha mpaka kiatu kiishe. Hiyo neno ilitoka kwa jina la mtu, McAdam. Alikuwa Mskoti. Hakupita hapo kwako?

Mtoa mada

Mkenya umenifurahisha. John Loudon McAdam miaka yake ya mwisho aliishi Hoddesdon, mji uko kusini tu ya Ware, kwenye barabara hii hii. Alifariki 1836 akiwa njiani anarudi huku kutoka kwao Scotland.

Siri yake ilikuwa ndogo ya kushangaza. Alisema usitupe mawe makubwa chini. Vunja mawe yote yawe madogo, pandisha barabara kidogo katikati ili maji yamwagike pembeni, halafu acha magurudumu yenyewe yashindilie. Wasimamizi walikuwa wanaambiwa jiwe lisiloingia mdomoni ni kubwa mno. Lami haikuwemo. Hiyo ilikuja kuchanganywa na kokoto baadaye, Edgar Hooley akaipatia hataza mwaka 1902, ndipo likazaliwa hilo jina mnalolivaa viatuni Nairobi.

Mtu wa Pwani

Assalaam alaykum. Nafuatilia tangu mwanzo. Umetuahidi habari ya jiwe, naona unatuzungusha na kokoto.

Mtoa mada

Waalaykum salaam sheikh. Haya, tumefika.

Mwaka 1785 chuo kikuu cha Cambridge kilitoa swali la shindano la insha kwa Kilatini: je, ni halali kuwatia watu utumwani bila ridhaa yao? Thomas Clarkson, kijana wa miaka 25, mzaliwa wa Wisbech, aliingia kwenye shindano kutafuta sifa. Yeye mwenyewe anakiri hivyo. Hakuwa na habari kubwa na watumwa. Akaanza kusoma ili apate la kuandika, na alichokisoma kikamnyima usingizi. Akawa analala na mshumaa unawaka, akikumbuka jambo anaamka kuliandika.

Akashinda. Akaisoma insha yake mbele ya wakubwa wa chuo, kisha akapanda farasi kwenda London. Njiani anasema alishuka mara kadhaa akatembea, akijaribu kujishawishi kwamba yale aliyoyaandika hayawezi kuwa kweli. Alipofika mahali anapoiona Wadesmill chini bondeni, akakaa kwenye nyasi kando ya njia, ameshika hatamu za farasi wake. Wazo likamjia kwamba ikiwa yaliyomo kwenye insha ni kweli, basi wakati umefika mtu fulani ayafikishe mwisho mateso hayo.

Hilo neno "mtu fulani" nimelirudia kulisoma mara nyingi. Hakujisema yeye. Alifika London bado anamtafuta huyo mtu.

Baadaye ndiyo akajua. Tarehe 22 Mei 1787 watu 12 waliunda kamati London, 9 kati yao wakiwa Wakweka (dhehebu la Kikristo, Quakers), na Clarkson akawa miguu ya kamati. Alizunguka nchi kwa farasi, inasemekana maili 35,000, akihoji mabaharia wa meli za watumwa Bristol na Liverpool. Liverpool walimzingira gatini wakitaka kumsukumia majini. Alinunua dukani pingu za miguu na vyuma vya kubana vidole gumba, vilikuwa vinauzwa waziwazi, akawa anavionyesha kwa watu. Na alikuwa na kisanduku chake cha mbao, ndani yake nguo zilizofumwa Afrika, viungo vya chakula, pembe, visu na vitu vya ngozi, ili aulize: watu wanaotengeneza hivi mnasema hawana akili? Kisanduku kipo mpaka leo makumbusho ya Wisbech.

Barabara alizopita zilikuwa za mageti kila mahali. Kule kuzunguka nchi nzima ndani ya miezi michache, miaka mia moja nyuma kungemchukua maisha. Sisemi geti la shayiri ndilo lililomaliza utumwa, msinielewe vibaya. Nasema tu farasi wake hakuzama.

Sheria ya kupiga marufuku biashara ya watumwa kwenye meli za Uingereza ilipita Machi 1807. Mnara wa Wadesmill ulikuja kuwekwa 1879, yeye akiwa amekufa tangu 1846.

Mtu wa Pwani

Shukran. Lakini ndugu yangu, hiyo 1807 ni ya bahari yao kule magharibi. Kwetu huku mwaka huo biashara ndiyo kwanza ilikuwa inanenepa. Soko la Mkunazini pale Unguja lilifungwa Juni 1873, Sayyid Barghash alipotia saini mkataba huku manowari zikimtisha. Na hapo ni soko tu. Utumwa wenyewe Zanzibar ulivuliwa uhalali 1897, Tanganyika 1922. Wewe wa Bagamoyo unajua walioshuka pale hawakumuona Clarkson yeyote.

Na jambo la pili. Kila siku jiwe ni la Mzungu aliyesikitika. Waliofungwa minyororo wao hawakusema kitu?

Mtoa mada

Sheikh sina la kupinga, na kuhusu la pili nilikuwa nalo mfukoni.

Walisema, tena kwa sauti. Olaudah Equiano alikuwa mtumwa, akajinunua uhuru wake, akaandika maisha yake akayachapisha 1789, na Clarkson ni mmoja wa walionunua nakala kabla hakijatoka ili kuwezesha uchapaji. Equiano naye alizunguka nchi nzima akiuza kitabu na kuhutubia. Mwaka 1792 alimuoa Susanna Cullen, binti wa Soham, mji mdogo wa Cambridgeshire, juu kidogo ya barabara hizi tunazozizungumza. Wakapata watoto wawili wa kike. Mkubwa, Anna Maria, alifariki 1797 akiwa na miaka minne. Nje ya kanisa la Chesterton, Cambridge, kuna bamba ukutani lenye shairi la kumkumbuka, linamwomba mpita njia asimame.

Kwa hiyo mawe yako mawili. Moja barabarani linaonekana na kila basi, jingine lazima uzunguke ukuta wa kanisa ulitafute. Wewe ulilolisema ndilo hilo hilo.

Mwalimu Mstaafu

Mtoto wa miaka minne. Basi.

Mzee wa Manyoni

Mimi nina swali la kijiji chenyewe. Umesema watu walijenga kufuata barabara. Sisi 1974 tulihamishwa na Operesheni Vijiji, tukaambiwa wote tusogee barabarani, nyumba za zamani zikavunjwa. Hao walisogea wenyewe au nao waliletewa malori?

Mtoa mada

Mzee wangu shikamoo. Walisogea wenyewe, polepole, na ushahidi upo unasimama peke yake shambani.

Jirani na Wadesmill, upande wa mashariki bondeni, kuna mnara wa kanisa la zamani la Thundridge. Mnara tu. Kanisa lenyewe halipo. Watu walikuwa wamekwisha kusogea kwenye barabara kuu, kwenye nyumba za wageni na maduka ya wahunzi, kanisa limebaki huko nyuma na makaburi yake. Mwaka 1853 wakalibomoa, wakajenga jipya juu ya kilima kando ya barabara. Mnara wakauacha. Nimeenda kuuona: umeshikwa na mimea mpaka juu, kunguru wamejaa, na mawe ya makaburi yameinama kila moja upande wake. Hata Mungu walimhamishia barabarani, Mzee.

Na kichekesho ni kwamba wamemsogeza barabarani wakati barabara yenyewe inakufa. Reli ilishafika Ware mwaka 1843 na Cambridge 1845. Magari ya farasi yaliyokuwa yanapita hapo mchana na usiku, lile la posta likipuliza baragumu ili mlinzi afungue geti haraka maana posta halikulipa, yakapotea ndani ya miaka michache. Mageti yakakosa pesa, yakafungwa moja moja. La mwisho Uingereza na Wales lilifungwa 1895, kisiwani Anglesey.

Halafu magari ya mafuta yakaifufua. Ikapewa namba, A10, na kijiji kikarudi kwenye kelele.

Yule mama ninayemhudumia High Cross ameishi kwenye barabara hiyo tangu aolewe. Anasema malori yalikuwa yanapita karibu na dirisha kiasi kwamba glasi zilikuwa zinalia kabatini, kila usiku, ting ting ting, mpaka akaweka vitambaa katikati ya glasi na glasi. Mwaka 2004 ikafunguliwa barabara ya mchepuko, njia mbili mbili, inapita juu ya bonde kwa daraja refu na kuviacha vijiji vyote vitatu pembeni: Wadesmill, High Cross na Colliers End. Nikamuuliza usiku wa kwanza ilikuwaje. Akasema hakulala, alikuwa anasubiri glasi.

Vitambaa bado vipo kabatini. Nimeviona nilipokuwa namtafutia kikombe.

Suka wa Tunduma

Mkuu sisi madereva hatujui kama tunaliza glasi za watu. Utingo ameleta chai, naondoka. Uzi bora mwaka huu.

Mchangiaji wa Ubungo

Picha za mnara mtoa mada. Bila picha huu ni mswada.

Mtoa mada

Picha sikupiga, simu ilikuwa imekata chaji. Alhamisi nina zamu tena kwa yule mama, naondoka kwake saa tisa. Basi linapita saa tisa na dakika tano. Safari hii nimepanga kulikosa makusudi.